Namna ya Kuihukumu Muvi Ukiwa Mwisho wa Reli

Kwanza kabisa, usiitazame muvi yote. Mtu aliyeikalia Avengers: Endgame ya mwaka 2019 tangu mwanzo hadi mwisho, saa tatu na dakika moja, huwa hana cha kusema, kila akitaka kuongeza neno, aliyoyaona yanamfunga mdomo. Mchambuzi wa Ujiji anayejiheshimu huingia kibanda umiza muvi ikiwa imeshaanza, hutoka mara mbili kupokea simu, na katikati husinzia. Akili yake inabaki huru.

Chagua na msimu. Uchambuzi hunoga wakati wa mbalamwezi. Dagaa hufuata taa usiku wa giza, na mwezi ukishakuwa mpevu taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi wa Kibirizi na Katonga hubaki nchi kavu na mabenchi hujaa watu wenye maoni. Mwaka 2024, nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilipokubaliana kulipumzisha kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mtu aliyekuwa na bidii angeweza kuchukua shahada ya uzamili ya muvi.

Sheria ya kukariri ni moja: steringi hafi. Utasikia wakorofi wakikuletea Infinity War ya 2018, pale Thanos anapopiga kidole na nusu ya viumbe wote wanageuka majivu, Spider-Man na Black Panther wakiwamo. Usitikisike. Waambie wale hawakuwa masteringi, walikuwa rafiki zake steringi. Na hata hivyo mwaka uliofuata walirudi wote wakiwa wazima. Wakikubana zaidi kwamba Iron Man alikufa na hakurudi, jibu lipo: mkataba wake ulikwisha.

Kama muvi imetafsiriwa, usimsifu wala usimlaumu aliyeiongoza. Hahusiki. Tangu enzi za kanda alizotafsiri Lufufu, mtafsiri ndiye anayejua jambazi anawaza nini, analala kwa nani na anadaiwa na nani mtaani. Hollywood inaleta picha tu.

Baada ya hapo tuingie kwenye kazi yenyewe, ambayo ni kutoshangaa. Kijana wa Mwanga atakujia mbio: "Shikamoo mzee! Umeiona ile? Jamaa ana mtambo kifuani, anaruka kama ndege!" Itikia marahaba, tafuna kitu taratibu, kisha uliza: "Megawati ngapi?"

Hapo umemmaliza, na hesabu iko upande wako. Katika Iron Man ya 2008, Tony Stark mwenyewe anasema kale kadude kanatoa gigajuli tatu kwa sekunde, yaani megawati 3,000. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, mashine zake zote tisa zikizunguka, linatoa megawati 2,115. Sasa mtu amebeba kifuani umeme wa kuizidi Rufiji, na katika muvi yote hakuwasha hata friji moja ya migebuka. Mji huu wa Kigoma uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Unajua kuutazama umeme na kuuliza nani anafaidi. Kuruka hata kunguru anaruka.

Aquaman haihitaji muda mrefu. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake, na maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Ukishapita mita mia moja au mia mbili kwenda chini, oksijeni imekwisha, hakuna samaki anayekaa huko. Watu wa ufalme wowote ambao ungejengwa chini kabisa ya ziwa hili wangekufa wote kabla ya kumtawaza mfalme. Sema hivyo, kisha agiza chai.

Captain America ni habari nyingine, maana ana mashabiki wakali. Hoja yao ni kwamba alizama na ndege kwenye barafu mwaka 1945, akaja kuopolewa karibu miaka 70 baadaye bila hata mkunjo usoni. Wasikilize mpaka mwisho, halafu onyesha bandarini kwa kidevu. Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli huko Papenburg wakaiita Graf von Goetzen. Wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye makasha yapata 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa, ambapo reli ilikuwa imefika mwaka 1914. Ikaungwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 wenyewe wakaizamisha ili adui asiichukue, ila kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakaikarabati, na mwaka 1927 ikaingia kazini kwa jina la Liemba. Imevishwa vipande vya chuma, imejitoa mhanga, imefufuka, imebadili jina. Humo mna steringi wanne ndani ya meli moja, na dawa iliyotumika ni grisi.

Ongeza na hili la uchungu. Hollywood ilipoitolea hadithi mwaka 1951, The African Queen, meli ya Wajerumani iliyochorwa kwa mfano wake wakaifanya adui, wakailipua mwishoni, na picha zenyewe wakaenda kupigia Uganda na Congo. Humphrey Bogart akaondoka na Oscar. Mwenzake aliyekuwa amelala chini ya ziwa miaka minane hakupata hata nauli.

Ukiletewa habari za mashujaa wa muvi mbili tofauti kukutana kwenye muvi moja, kumbusha kwamba Ujiji ililifanya jambo hilo mwaka 1871, Stanley na Livingstone, na gharama yake ilikuwa kivuli cha mwembe. Susi na Chuma, waliokuja kuubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo, bado wanahesabiwa kuwa wapita njia. Hilo ni kosa la usambazaji wa majina ya waigizaji.

Muvi za sokwe zina utamu wake hapa, kwa kuwa Gombe ni mwendo wa boti tu kwenda kaskazini. Jane Goodall alishuka huko Julai 1960 na daftari lake. Dunia ikaja kulia mwaka 2014 ilipoona Koba akimgeuka Caesar, sokwe kwa sokwe. Gombe hayo yalishatokea: kuanzia 1974 hadi 1978 sokwe wa Kasakela waliwawinda wenzao wa Kahama, waliokuwa kundi lao kabla ya kutengana, hadi madume wa Kahama wakaisha wote. Kasoro ya hao wa kwetu ni moja: hawakupanda farasi.

Black Panther ya 2018 iendee kwa adabu. Watu wanaipenda, na Lupita Nyong'o ni jirani. Sifu mavazi, sifu wale walinzi wa kike na mikuki yao, sifu maporomoko. Watu wakisharidhika, taja kile kipande W'Kabi anapomwambia mfalme kwamba ukiwaruhusu wakimbizi kuingia, wataingia na matatizo yao. Halafu nyamaza, uone nani atakohoa. Mkoa huu umepokea Warundi tangu mwaka 1972. Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Waliowapokea hawakuwa na madini ya kutoka angani. Walikuwa na muhogo, dagaa na manung'uniko, maana hakuna aliyesema ni malaika, na kuni zilipungua kweli. Lakini Wakanda ina treni za kupaa na tiba ya risasi ya siku moja, na karne kwa karne imejifunika pazia isionekane na mwenye shida. Mimi hukumu yangu nimeshaitoa na siirudii mara mbili: nguo nzuri, ujirani haufai. Wakitaka kunipiga, wanipige.

Sasa umebaki mtego mmoja. Watengenezaji wa muvi hizi wana tabia ya kuficha kipande kidogo mwishoni kabisa, baada ya majina ya mafundi wote kupita. Mwenye kibanda hajawahi kukionyesha. Majina yakianza kupanda tu, anachomoa flashi, kwa sababu mpira unaanza na kiingilio cha mpira ni kingine. Atakayekuuliza kama ulikiona anakutega, naye hakukiona. Mwambie ulikiona, na kwamba muvi yote ilikuwa pale.