Kasri la Kent na Mbuzi wa Ntheo

Hongera zake bwana arusi wetu wa Kyuso, ambaye, baada ya kuutazama mlima wa Mumoni na mibuyu iliyokwisha kuzeeka kabla Mwingereza hajatia mguu Ukambani, aliviona vyote havina tarihi ya kutosha, akaazimia kufungia ndoa katika kasri la Leeds, lililonunuliwa na Malkia Eleanor mwaka 1278, na ambalo, kwa taadhima zote, haliko Leeds bali mashambani Kent. Wazee, waliokwisha kula mbuzi wa ntheo, wale wa mila ya ndoa ya Kikamba, walisikiliza kwa adabu, ila walipoambiwa kuwa kasri hilo limezungukwa na ziwa, wao waliozoea kufukua mchanga wa mto mkavu wapate debe moja, mmoja akauliza: “Na bibi arusi, mwanetu, ataruhusiwa kuteka?”