Ampuli Ikiwaka, Fundi Alipwe

Kazi ndogo ya umeme nyumbani ni ile isiyozaa saketi mpya: kuongeza prizi moja sebuleni, kuhamisha swichi iliyojificha nyuma ya mlango, kubadilisha kishikio cha taa kilichoungua. Udogo huo ni wa kazi, si wa madhara. Kuwasha nyumba nzima kunataka mpango. Kuiunguza nyumba nzima, prizi moja inatosha. Ndiyo maana nchi kadhaa huidai kazi ya umeme karatasi. Ufaransa iliunda shirika la Consuel mwaka 1964 ili nyumba mpya zithibitishwe kabla ya kupewa umeme. Uingereza na Wales ziliingiza umeme wa nyumbani katika kanuni za ujenzi tarehe 1 Januari 2005, na kazi ndogo ina fomu yake. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania, fundi hupewa leseni na mamlaka ya EWURA kwa madaraja. Kongo nayo ilipitisha Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, iliyowafungulia watu binafsi milango ya sekta ya umeme. Baraka na Fizi, katika Kivu ya Kusini, ambako nyumba nyingi hazitegemei SNEL, shirika la umeme la taifa, watu binafsi walikuwa wamekwisha kuingia bila kusubiri mlango: huyu na grupu yake, yaani jenereta, yule na pano yake ya jua na batri ya lori.

Pasipo mkaguzi, ukaguzi hufanywa na ampuli. Utaratibu wake unajulikana kila avenyu. Fundi anamaliza kuzungusha skochi, watoto wanasogezwa, jirani anachungulia, grupu inakohoa nyuma ya jiko, mwanga unatoka na kelele zinapigwa. Hapohapo fundi anataja salio lake. Mwenye nyumba hana la kubisha, kaona kwa macho yake.

Shida ni kwamba ampuli ni shahidi asiyejua kukataa. Huwaka waya ikiwa nyembamba mno, huwaka viungo vikiwa vimelegea, huwaka swichi ikiwa imekata waya isiyostahili, na huwaka vilevile waya ya ardhi, ile ya kijani, ikiwa haikufungwa popote. Mazungumzo ya kawaida chini ya dari ni haya:

— Papa fundi, na hii ya kijani imebaki?

— Hiyo ni ya kupendezesha tu, mama.

Kupima kunakostahili jina hilo huanza umeme ukiwa umezimwa, jambo linalowasikitisha watazamaji kwa sababu hakuna cha kushangilia. Kwanza ni macho na vidole: kila waya huvutwa kidogo pale ilipofungwa, na ile inayotoka mkononi imejieleza yenyewe. Pili, multimeta huthibitisha kwamba waya ya kijani inafika kuanzia prizi hadi kwenye chuma cha ardhi bila kukatika njiani. Tatu, ganda la waya hupimwa kwa mega, kifaa kinachosukuma volti 500. Kipimo kisipungue megaomu 1. Hapa ndipo panya wa darini hukamatwa, au angalau kazi yake. Vyombo vyote huchomolewa kabla ya mega kuanza. Chaja ya simu ya mgeni iliyosahauliwa nyuma ya kabati inaweza kupokea volti hizo 500 kimyakimya, na mgeni ataligundua jambo hilo asubuhi, betri ikiwa asilimia 3.

Umeme wa pano una vituko vyake. Volti 12 hazimrushi mtu, kwa hiyo zinadharauliwa. Fundi huvuta waya ya milimita za mraba 0.75 kutoka kwenye batri hadi chumba cha mwisho, mita 15, kisha hupima kule mwisho akiwa hajawasha kitu. Multimeta inasoma 12 kamili, anapongezwa. Usiku, televisheni na taa zinapoomba ampea 5 kwa pamoja, waya ile, kwenda na kurudi mita 30, inakula volti 3.5 peke yake na kuiachia televisheni 8.5. Televisheni inazima, pano inatukanwa, na wiki inayofuata inanunuliwa pano ya pili. Dawa ni kupima kule mwisho vyombo vyote vikiwa vinafanya kazi. Na fyuzi hukaa karibu na batri, kwa sababu batri hiyohiyo isiyomrusha mtu ikigusanishwa nyaya zake humwaga mamia ya ampea. Uzi wa shaba uliochunwa kwenye waya ya redio si fyuzi, hata kama umedumu tangu Pasaka.

Lakini iliyowaaibisha mafundi wengi zaidi ni grupu ndogo. Testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani, huwaka kwa sababu umeme kidogo sana hupita mwilini mwa aliyeishika kwenda ardhini. Kwenye grupu ambayo hakuna waya yake iliyofungwa ardhini, testa inaweza kumulika hafifu kwenye nyaya zote mbili, au isimulike popote. Fundi mmoja atatangaza kwamba grupu ina fezi mbili; mwenzake atasema testa ni ya Kichina. Mwingine hugusa waya moja kwa bahati mbaya, hatikiswi, na habari zinaenea kwamba umeme wa grupu ile ni mpole. Si mpole. Umekosa tu njia ya kurudi kwake kupitia ardhini. Mvua ikinyesha, waya iliyochubuka ya jirani anayegawiwa umeme huohuo inalalia bati lililolowa, na sasa njia ipo. Atakayegusa waya ya pili siku hiyo atakutana na volti 220 zote.

Wenye pesa hujikinga kwa disjonkta ya milliampea 30, ile yenye kitufe cha T. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na kukata ukipotea mwingine njiani. Fundi anabonyeza T, inaruka kwa kishindo, makofi yanapigwa. Kitufe hicho, hata hivyo, huupitisha umeme ndani ya kisanduku chenyewe, na disjonkta itaruka hata pasipo ardhi. Kitufe hakijasema lolote kuhusu nyumba. Ili disjonkta ifanye kazi kwenye grupu, waya moja hufungwa kwenye chuma cha ardhi, mahali pamoja tu, kabla ya disjonkta. Kuanzia hapo testa inarudiwa na akili zake, na swichi zinajua waya ipi ya kukata. Konvertisa, zile zinazogeuza umeme wa batri, zikiwa za bei ya chini zisifungwe hivyo bila kusoma vitabu vyake. Baadhi zinakufa papo hapo.

Chuma cha ardhi hakisumbui ufukweni Baraka, kwenye mchanga wenye maji. Fizi, juu kwenye mawe, mafundi hukipiga nyundo nusu siku kisha wanakikata kilichobaki nje ili kionekane kimeingia. Afadhali wapime: kwa disjonkta ya milliampea 30, hata omu mia kadhaa zinatosha kuzuia volti kwenye chuma cha friji zisizidi 50. Radi ni suala jingine. Utafiti wa picha za setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliipa Kabare, katika mkoa huohuo wa Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, na hakuna disjonkta ya dukani inayoshindana na hilo. Mawingu yakikusanyika, vyombo vichomolewe.

Yakishapimwa yote ndipo umeme unawashwa na ampuli inaruhusiwa kutoa maoni. Cheti, ile karatasi inayodaiwa kwingine, kinaweza kuwa ukurasa wa daftari: tarehe, kilichofanyika na chumba gani, unene wa waya, ukubwa wa disjonkta, vipimo, jina na sahihi ya fundi. Penye kipimo huandikwa namba. "Iko bien" si namba. Ukurasa hubandikwa ndani ya mlango wa kisanduku cha disjonkta, ambako mchwa hawafiki na fundi ajaye atauona hata asipotaka. Kila prizi inayoongezwa baadaye hupata mstari wake. Prizi ikionekana ukutani na mstari wake haupo, grupu huzimwa na vipimo huanza upya kwenye saketi hiyo.