Marehemu Wanne kwa Diski Moja

Huku Kawangware, habari ikienea kwamba una kompyuta nyumbani na unajua kupanga kurasa, umeshaingia kwenye kamati. Hakuna anayekuuliza. Harusi, ruracio, mazishi, harambee ya karo: programu zote ni zako. Mazishi yakiwa Jumamosi, picha hukufikia Alhamisi usiku, ndani ya bahasha ya kaki yenye alama ya kikombe cha chai.

Picha hizo ndizo zilizonituma mjini kutafuta skana ya rangi. Kuna ya pasipoti yenye muhuri shavuni. Kuna iliyokatwa kwenye gazeti. Na kuna ile ya studio, wanaume wawili ndani ya suruali za bugaluu, iliyokaa kwenye fremu miaka mingi hadi ikagandana na kioo. Shangazi ameapa kwamba atakayeibandua atazikwa yeye kwanza.

Ushauri haukukosekana. Shemeji alisema simu inatosha. Akapiga mwenyewe, na marehemu akatoka na kivuli cha shemeji kifuani.

Luthuli Avenue, muuzaji alinipokea kwa namba. "Bosi, hii ni nukta elfu kumi na tisa na mia mbili kwa inchi. Utaona hadi dhambi za mtu."

Nikatoa kikokotoo. Ukurasa wa A4 wa rangi, kwa nukta 300 kwa inchi, ni takriban megabaiti 26. Kwa nukta 19,200, ukurasa huohuo unapita gigabaiti 100. Diski yangu ya gigabaiti 500 ingebeba marehemu wanne, tena wa picha mojamoja. Isitoshe, mashine yenyewe haioni nukta zote hizo. Uwezo wake halisi huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa boksi. Kinachozidi hapo programu ya skana hukisia tu, kama shahidi wa ajali aliyekuwa ndani ya baa.

Hesabu ya kazi yangu ni fupi. Wachapaji huomba nukta 300. Picha ya pasipoti, upana milimita 35, ikikuzwa ijaze upana wa jalada la A5, milimita 148, imeongezeka mara nne na ushei. Basi ipitishwe kwa nukta 1,300 hivi. Skana yenye 2,400 za kweli inabaki na akiba.

Lililobaki ni la kioo. Skana nyembamba, zinazoendeshwa kwa umeme wa USB, hutumia teknolojia ya CIS: vihisio vyake hukaa sisisi na kioo, na picha ikiinuka milimita chache tu inatoka na ukungu. Zile za CCD zina taa, vioo na lenzi. Ni nene, nzito na ghali, lakini zinaona kilicho juu kidogo. Nikaitoa fremu ya shangazi kwenye begi tujaribu. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akavua kofia. "Pole sana, ndugu. Ni babako?"

Kwenye ile nyembamba, wazee wote wawili walipotelea kwenye ukungu. Kwenye ile nene, vifungo vya makoti vilihesabika. Nikalipa.

Kwenye matatu namba 46, makanga alilipima boksi kwa macho. "Mzee, huyu naye analipa." Likalipiwa, likakaa dirishani.

Picha ya gazeti ina nukta zake za uchapaji. Zikigongana na za skana, uso wa mtu unajaa mawimbi. Programu ya skana huwa na chaguo la kuziondoa. Litumie kabla familia haijauliza marehemu aliugua nini hasa.

Rangi nayo ina ukaidi wake. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mitambo ya wachapaji wa River Road huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na kuna buluu ambazo wino hauzifikii. Sare za kwaya moja ziliingia mtamboni buluu kali zikatoka zambarau. Wanakwaya wakataka kujua nimewahamishia dhehebu gani.

Kwa fremu ya shangazi hakukuwa na lawama. Aliishika nakala ya kwanza, akahesabu vifungo, akaridhika. Kisha akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mashine yako ni nzuri. Sasa mwondoe huyu wa kulia. Hajawahi kurudisha ng'ombe wetu."