Kifaru cha Kagera Chakamatwa Nakonde

Tunduma ina mafundi rangi wengi kuliko vitu vya kupaka. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo hukaa kwenye foleni hadi dereva anapata wasaa wa kupaka upya bampa, kubadilisha msemo wa nyuma, na kugombana na utingo wake kuhusu msemo huo. Ukionekana na brashi mkononi mbele ya nyumba yako, usitarajie kuachwa peke yako. Mimi nilionekana.

Kitu chenyewe kilikuwa kifaru cha kuchezea, cha rimoti, nilichokiokota kwenye robota la midoli ya mitumba. Kilikuwa Tiger, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, rangi ya kijivu, na ubavuni msalaba mweusi wenye kingo nyeupe. Mama mmoja jirani, mtu wa kwaya, alikitazama kwa heshima akauliza kama Wamoraviani wameleta gari jipya la wagonjwa.

Mjerumani huku kwetu hahitaji kutambulishwa. Novemba 1918 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alitokea Mbozi akashambulia Fife, si mbali na hapa tulipo, akasonga hadi Kasama, na tarehe 25 ya mwezi huohuo akasalimisha silaha Abercorn, ambako leo ni Mbala. Lakini jeshi lake lilipita kwa miguu, na mizigo ilikuwa vichwani mwa wapagazi. Kifaru hakuwa nacho hata kimoja. Kumwongezea leo, baada ya miaka zaidi ya mia, ningekuwa namfanyia hisani ambayo babu zetu waliobeba masanduku yake wasingenisamehe. Nikaamua chombo kibadilishwe uraia: kiwe Type 59, kifaru cha Kichina cha JWTZ kilichokwenda Uganda kumng'oa Idi Amin katika Vita vya Kagera.

Kwenye karatasi kazi ilikuwa nyepesi. Mdoli huu umepunguzwa mara 16. Bodi ya Type 59, ukiacha mzinga, ni mita 6 na kitu. Gawanya kwa 16 upate kama sentimita 38, na Tiger yangu ilizidi kwa upana wa kidole tu. Mzinga wa milimita 100 unakuwa milimita 6, yaani antena ya redio iliyokufa. Tani 36 za uzito sikuwa na haja ya kuzigawa, ila nilifurahi kujua kwamba chombo halisi kingepita mizani ya Mpemba bila faini, maana kikomo pale ni tani 56.

Taabu ilikuwa juu. Mnara wa Tiger una kuta zilizosimama wima, wa Type 59 ni kama bakuli lililofudikizwa. Nikazunguka nyumba nikitafuta kitu cha mviringo chenye upana wa sentimita 14. Nilikipata jikoni, juu ya hotipoti dogo la mchuzi. Mama watoto alikuwa sokoni. Sitaeleza zaidi kuhusu hatua hiyo.

Gundi ilipokauka, baraza lilikuwa limeshakusanyika. Alikuwepo babu mmoja wa mtaa wa pili aliyepigana Uganda, dereva wa lori la shaba aliyekwama siku nyingi, kijana wa mgambo, na fundi rangi ambaye hakuna aliyemwita. Babu alivaa miwani, akakizunguka kifaru.

"Magurudumu mengi mno. Chetu kilikuwa na matano kila upande, na lile la mbele limejitenga kidogo na wenzake."

"Hizo ni ekseli, mzee," dereva akamsaidia. "Hii ni semi."

Magurudumu ya Tiger yamepandana, yamebanana, hayahesabiki, na kuyang'oa ni kuvunja chombo. Tukayaacha. Hoja ikahamia kwenye rangi. Dereva alitaka mabaka ya kijani na kahawia, akidai jeshi bila mabaka halitishi. Kijana wa mgambo akaruka. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, na yeye hataki kuonekana kwenye mkutano wa mabaka. Nikamwambia tangazo lile lilihusu mavazi. Akajibu kwamba kifaru nacho kinavishwa rangi, na hapo nikakosa la kusema. Kura ikaenda kwa kijani kitupu.

"Shikamoo babu," nikamgeukia mzee kwa mara ya pili, nikitafuta ushindi. "Kule Lukaya vilikuwa kijani gani? Cha majani mabichi au cha zeituni?"

Babu akacheka hadi akakohoa. Lukaya ni mji kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, karibu na pale njia inapopita katikati ya bwawa la mafunjo. Tarehe 10 Machi 1979 Walibya waliokuja kumsaidia Amin waliwasukuma vijana wetu nje ya mji, na kesho yake vijana wakaurudisha. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, wakaiteka Kampala. "Kijani?" alisema. "Mwanangu, mimi nilikuwa nimelala kwenye maji. Rangi ya kifaru ni tope."

Basi fundi rangi akachukua madaraka. Alikuja na kompresa, praima nyekundu ya bodi za malori, na rangi ya kijani iliyobaki kwenye kazi ya tela. Nilimwonya kwamba plastiki si bati. Alinijibu kwamba yeye amepaka magari ya wabunge. Akamimina thina kama anayekaribisha wageni, akapuliza. Plastiki ikaanza kulia, kisha kulainika, kisha kukunjamana. Kijani kikakataa kushika mahali pengi: pembeni ikabaki praima nyekundu, na palipochubuka pakaonekana plastiki nyeusi ya ndani. Kabla rangi haijakauka, basi la Sumbawanga likapita na vumbi lake. Babu akasema, "Sasa kinaanza kufanana."

Fundi hakukubali kushindwa na kazi ndogo. Kwa mazoea ya mkono akabandika rifleta za rangi ya chungwa nyuma, maana trafiki hawana masihara, na kwenye kioo ambacho hakipo akaweka karatasi ya IT, kama gari linalopita kwenda Lubumbashi.

Mtoto wa dada yangu akapewa rimoti. Kifaru kiliunguruma, kikashuka kibarazani, mbwa akakifuata, kikaongeza mwendo kikapenya chini ya foleni ya malori. Mtoto alikimbia nyuma yake, lakini lori moja likasogea, akazuiwa, na mawimbi ya rimoti yakaishia hapo. Wapita njia walituambia kilionekana kikielekea sokoni, na soko la Tunduma halina adabu ya mpaka. Mtu anavuka nchi akitafuta chenji. Tulikikuta Nakonde, juu ya meza ya mwuza dagaa.

"Ni chetu," nikasema.

"Ni cha Zambia," akajibu kwa Kiswahili safi kuliko changu. "Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Kijani kote. Nyekundu ya praima. Nyeusi ya plastiki. Rangi ya chungwa ya rifleta. Alikosekana tai tu bendera ikamilike. Nikaleta historia, nikataja Lukaya, nikataja ekseli. Watu waliokusanyika walisikiliza kwa upole, wakampa ushindi yeye. Karatasi ya IT iliwathibitishia kwamba mzigo ulikuwa unatoka Tanzania kihalali.

Ndipo mama watoto akatokea kati ya watu na kapu lake. Hakunisalimu. Alikinyanyua kifaru, akabandua mnara kwa kucha, akaugeuza. Kwa ndani palikuwa na nukta mbili za rangi ya kucha, ya zambarau. Akina mama wote waliokuwepo, wa Tunduma na wa Nakonde, waliguna kwa pamoja. Vyombo vikichanganyika msibani au harusini, hiyo ndiyo alama, na hakuna mahakama inayoipinga. Mwuza dagaa aliomba radhi palepale, kwake yeye, si kwangu.

Funiko limerudi kwenye hotipoti, linanuka thina, na mchuzi hautiwi humo tena. Kifaru kipo, hakina mnara. Msomaji mwenye funiko la mviringo la sentimita 14, lenye hotipoti lililovunjika na mwenyewe aliyeridhia, tafadhali aje nalo Tunduma. Asije na fundi.