Ngeli za Kofia ya Pua: Uainishaji wa Mackinnon Road

Wataalamu wa vipepeo na konokono walishamaliza kazi yao. Kofia ya pua, ile pia ya bati inayofunika kitovu cha propela au cha feni ya injini, bado haijapata msomi wake. Mackinnon Road iliwahi kuwa na uwanja wa ndege wa kijeshi, na mwaka 1947 Waingereza walianza kujenga hapa bohari kubwa la jeshi kisha wakaliacha. Sifa za kitaaluma tunazo, na chai ya rangi ipo.

Ngeli ya kwanza ni Pua Tupu. Ndege za B.E.2c za Kikosi cha 26 cha ndege cha Waingereza, zilizopiga kambi Mbuyuni, njia ya Taveta, mwaka 1916 katika Vita Vikuu vya Kwanza, zilikuwa na kitovu wazi, boliti zote nje.

Ngeli ya pili ni Kofia Kuliko Kichwa. Wakati wa vita hivyo hivyo Wafaransa waliivika Morane-Saulnier N kofia iliyokaribia kuziba pua nzima. Upepo ulipita kando kwa adabu, na injini iliyotegemea upepo huo huo ipoe ikachemka. Ikavuliwa.

Ngeli ya tatu, Stahifu, iko kwenye uwanja wa ndege wa Ukunda. Cessna Caravan ina moja. Dash 8-400 ya Jambojet ina mbili, kila moja ikitoa mapanga sita. Itazame kwa karibu: kila panga lina tundu lake, pana kiasi cha kuliruhusu kugeuza pembe, na skrubu zimeizunguka ukingoni. Fundi makini hupitisha kidole penye skrubu, kwa sababu nyufa hupenda kuanzia hapo, na kofia iliyolegea hutikisa kila kitu.

Ngeli ya nne, ya feni za injini za jeti, ndiyo iliyowagawa wanazuoni. Koni kali hukataa barafu: haishiki vizuri, na mzunguko huitupa nje. Mvua ya mawe nayo huteleza juu ya koni hiyo hadi kwenye kiini cha injini. Kichwa cha mviringo hufukuza mawe pembeni, lakini barafu hukizoea. Tarehe 24 Mei 1988 Boeing 737-300 ya TACA ilizimikiwa na injini zote mbili katika mvua ya mawe karibu na New Orleans, ikatua kwenye majani kando ya tuta la mafuriko, hakuna aliyekufa. Baada ya hapo CFM, kampuni iliyotengeneza injini hizo, iliiviringisha ile koni. Injini za 737-800, zile za Kenya Airways zinazopita juu yetu, zina suluhu ya ndoa: ncha ya koni, shina la mviringo. Mchoro mweupe unaojizungusha pale katikati ni wa kumwambia fundi wa chini kwamba feni inazunguka, asisogee.

Ngeli ya tano haipai. Malori yanapopunguza mwendo mbele ya kaburi la Seyyid Baghali Shah, kando ya reli, mtafiti huona vizuri zile pembe za kung'aa zilizovishwa nati za tairi. Umbo ni la kasi tupu. Sheria inaliruhusu lori kilomita 80 kwa saa, hilo si kitu. Tatizo ni kwamba pembe zenyewe zimeelekea ubavuni. Upepo zinaoukata ni wa boda boda anayepita jirani. Tumeziandikisha chini ya Mapambo, pamoja na pazia za kioo cha mbele, na madereva wamekata rufaa.