Shangazi Handibreki Anajibu: Gari la Bei Chee

Wiki hii barua zote ni za magari. Nadhani vikoba vimevunjwa, maana kila msomaji ameliona gari mahali, limeoshwa, limepuliziwa manukato, na mwenye nalo "ana dharura". Kabla hatujaanza, ieleweke: Shangazi hauzi gari, hapokei cha juu, na hana mpwa mwenye gereji.

*

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Mbezi Mwisho na ofisi yangu iko Posta. Nimepata Toyota Brevis ya 2002, nyeusi, viti vya ngozi, milioni 7. IST ya mwaka huohuo wanataka milioni 9, na ni kagari kadogo hata miguu hainyooki. Marafiki wananikatisha tamaa. Si wivu tu huu?*
*Bosi Mtarajiwa, Mbezi*

Marahaba, Bosi. Wivu upo duniani, ila katika hili haumo. Hebu jiulize: kwa nini gari kubwa, zuri, la silinda 6, liuzwe chini ya kagari kadogo? Haiwezekani wenye Brevis wote wa Dar es Salaam wakapatwa na dharura mwezi mmoja. Bei hiyo imepangwa na waliokutangulia. Walinunua, wakakaa mbele ya watu, wakapiga hesabu usiku peke yao, wakaamua kulitoa.

Injini ya Brevis ni ya lita 2.5 au 3, ya aina ile mafundi wanaiita D4. Petroli inasukumwa na pampu ya shinikizo kubwa na kunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kiwandani ulikuwa ufundi wa kujivunia. Lakini pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na mafundi wengi wa mtaani wanajua kuifungua kuliko kuifunga. Ikianza kumisi, utaambiwa plagi. Ukibadilisha plagi, utaambiwa koili. Ukibadilisha koili, utaambiwa uje kesho. IST ina injini ya NZ, ya 1300 au 1500, inayotumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Spea zake zimejaa Gerezani Kariakoo, na ukiharibikiwa Tunduma utazikuta Tunduma.

Sasa mafuta. Kwenda na kurudi kwako tuseme ni kilomita 40, na lita moja tuiweke shilingi 3,000. Kwa foleni ya Kimara, IST tuipe kilomita 12 kwa lita: umetumia shilingi 10,000 kwa siku. Brevis tuipe 6: ni shilingi 20,000. Kwa siku 24 za kazi, moja imekula 240,000 na nyingine 480,000. Kwa mwaka tofauti ni shilingi 2,880,000. Ile milioni 2 uliyookoa kwa muuzaji imeisha kabla mwezi wa tisa haujaisha, na bado hatujamwita fundi.

Likariri hili, maana linawahusu na wenzako: gari kuukuu hununuliwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa muuzaji, mara ya pili kwa fundi na sheli. Muuzaji anakutajia bei ya kwanza tu. Ya pili unatakiwa uje nayo mwenyewe.

*

*Shangazi, mimi ni mwalimu hapa Morogoro. Kikoba chetu kinanikopesha milioni 5, nina zangu 2, na kuna Vitz ya 2001 inauzwa milioni 7 kamili. Asubuhi nitaenda nayo shuleni, jioni na wikiendi nitampa kijana afanye teksi. Gari litajilipa lenyewe. Mume wangu amesema nikuulize kwanza.*
*Mwalimu Mwenye Maono*

Msalimie sana mumeo, Mwalimu. Mwambie Shangazi amesema ana akili.

Hesabu yako ina safu ya mapato tu. Una milioni 7, gari ni milioni 7, kwa hiyo siku ya kwanza unaondoka kwa muuzaji huna hata ya petroli. Kuna kubadilisha umiliki TRA, kuna bima, kuna oili na vichujio, kuna betri ambayo muuzaji aliiazima, na kuna tairi vipara zilizopakwa dawa zikawa nyeusi. Haya yote yatadai mwezi wa kwanza, mwezi huohuo kikoba nacho kinadai rejesho.

Halafu kuna huyo kijana. Wiki ya kwanza ataleta hesabu kamili. Wiki ya pili ataleta nusu hesabu na maelezo. Wiki ya tatu ataleta maelezo. Kikoba hakipokei maelezo, unawajua wenzako. Na gari lililokatiwa bima ya binafsi likikamatwa linabeba abiria wa kulipa bila leseni ya LATRA, au likagonga, usitegemee kampuni ya bima ikutambue. Juu ya hayo, gari la zaidi ya miaka 20 linalofanya kazi zamu mbili linachakaa kwa zamu mbili. Asubuhi kengele ya shule itakukuta umesimama barabarani na boneti iko juu.

Kanuni ya Shangazi ni nyepesi: ugawe mfuko wako mafungu matatu, gari lipate mawili, la tatu libaki. Mwenye milioni 7 anatafuta gari la milioni 4 na nusu hivi, si la 7. Na mafungu hayo yawe ya hela yako. Gari la kutembelea halileti kitu nyumbani, linakupeleka tu ukatafute. Kulinunua kwa mkopo wa kikoba ni kuwafanya wenzako wamiliki na wewe dereva. Endelea kuweka akiba. Vitz haziishi.

*

*Shangazi, mimi ni dalali hapa Kinondoni, biashara imelala. Nina gari la 2003, na tangazo langu ni hili: "Gari imetulia sana, namba D, injini haijaguswa, AC barafu, kilometa 68,000 tu, ilikuwa inaendeshwa na mama mtu mzima, rodi laisensi imelipwa, maongezi yapo, njoo na pesa uondoke." Wateja wanakuja, wanaangalia, wanaondoka. Nakosea wapi?*
*Dalali Mwaminifu*

Jina umejipa mwenyewe, sitakunyang'anya.

Tuanze na injini isiyoguswa. Gari ni la 2003. Kama kweli miaka yote hiyo hakuna aliyeigusa, basi hata oili hawajamwaga. Mnunuzi mwenye akili anataka injini iliyoguswa, kwa wakati wake, na risiti zipo.

Kuhusu namba D, herufi hiyo inaeleza ni lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Kuna namba D ambayo ni kongwe kuliko namba C iliyoegeshwa pembeni yake, imechelewa tu kupanda meli. Siku hizi wateja wanaulizia mwaka wa kutengenezwa.

Hizo kilometa 68,000 ungeziacha. Dashibodi inasema 68,000, lakini mpira wa pedali umelika hadi chuma, usukani umechubuka, na kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja. Anayerudisha nyuma namba za dashibodi husahau kurudisha na kiti.

Na huyo mama mtu mzima, ameendesha magari yote ya mji huu. Mwacheni apumzike.

Rodi laisensi ndiyo iliyonichekesha. Ada ile ya mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Unajisifia kulipa kitu kisichodaiwa. Ungesema gari halidaiwi faini za trafiki, hapo mtu angekaa akusikilize.

Ukitaka kuuza, toa hilo boksi ulilotandika chini ya injini. Kila mteja anajua linakinga nini. Acha kuosha injini kila asubuhi, maana injini kavu yenye vumbi lake inaaminika kuliko inayometameta. Na acha kuliwasha gari nusu saa kabla mteja hajafika. Mwite akute limepoa, aliwashe mwenyewe. Kama hilo huliwezi, tatizo lako si tangazo.

*

*Shangazi, nimenunua Corolla kwa mtu, naye alinunua kwa mtu, aliyenunua kwa mtu. Kadi ina jina la wa kwanza kabisa, hatujui aliko. Niliambiwa watu wanatembea hivyo miaka. Juzi trafiki amenisimamisha, gari lina faini 6 za nyuma.*
*Mmiliki Kivuli, Kibaha*

Faini 6 za shilingi 30,000 ni shilingi 180,000, za makosa yaliyofanywa na watu usiowajua. Lipa, huna ujanja. Kisha mkamate aliyekuuzia kabla hajabadilisha namba ya simu, akupeleke kwa aliyemuuzia yeye, hivyohivyo hadi kwa mwenye jina. Ukimpata, muandikishiane kwa wakili na mwende TRA mbadilishe umiliki. Kama amefariki, jiandae kukutana na msimamizi wa mirathi na ndugu ambao hawakujua marehemu alikuwa na Corolla. Sasa wanajua.

Ninyi mnaosoma huku mkisikitika, hamjachelewa. Kabla ya kutoa hata shilingi, ingizeni namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni muone deni. Linganisheni namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Anayeuza awe ndiye mwenye jina, au awe na mkataba unaomfikisha kwake. "Kadi iko benki" maana yake gari liko benki.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, zamu ya jioni inaisha usiku, na nikishuka daladala huku Chanika nabaki na bodaboda nisiyemjua. Nina milioni 9. Jirani anauza Vitz ya 2003 kwa milioni 5.8. Rangi imepauka, mlango una mkwaruzo, taa moja ina ukungu, ila ana daftari la sevisi na kadi ina jina lake. Mjini kuna nyingine inang'aa, milioni 8 na nusu. Watu watanionaje na gari iliyopauka?*
*Sista wa Chanika*

Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. Una safari ya kweli, ya kila siku, na saa mbaya. Una hela inayozidi bei. Hiyo inayong'aa ingekuachia laki 5. Ya jirani inakuachia milioni 3.2, yaani lile fungu la tatu, na kidogo juu yake. Elekea kwa jirani, lakini usimpe hela kwa sababu ya ujirani.

Nenda asubuhi kabla hajaliwasha. Weka mkono kwenye boneti, iwe baridi. Fungua mfuniko wa rejeta: ukiona maji yana mafuta juu yake, mshukuru na uondoke. Fungua mfuniko wa oili: ukiona utando mweupe mzito kwa ndani, ondoka vilevile, kuna hatari maji na oili vinakutana mahali visipotakiwa, na gari lililowahi kuchemsha lina siri nyingi. Liwashe, simama nyuma. Moshi wa bluu usiokata ni injini inayokula oili. Ingiza D, kisha R: likishtuka kwa kishindo, gia boksi linakusalimia. Halafu lipeleke kwenye njia mbovu, redio imezimwa na vioo viko chini, usikilize bushi na shokapu zinasema nini.

Ile taa yenye ukungu usiipuuze. Huenda ni mpira wa taa umechoka tu. Huenda pia gari liliwahi kuogelea Jangwani wakati wa mafuriko. Nyanyua zulia, nusa, papasa reli za viti. Ukikuta tope kavu au kutu mahali ambapo maji hayana sababu ya kufika, hata milioni 3 ni ghali.

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na umlipe ujira wake hata ukiliacha gari. Fundi anayelipwa pale tu unaponunua atakushauri ununue.

Ukilichukua, kabla ya rangi na kabla ya vitambaa vya viti, badilisha oili, vichujio, plagi na maji ya breki. Angalia padi za breki. Kwenye ubavu wa kila tairi kuna namba inayoishia na tarakimu 4: 2 za wiki, 2 za mwaka lilipotengenezwa. Tairi la miaka 10 ni zee hata kama kashata zake bado zimesimama. Kinachobaki kiweke mahali ambapo kukitoa ni usumbufu.

Ama watu, watakaokuona usiku ule ni waliobaki kituoni, na wewe utakuwa umeshapita.

*

Majibu mafupi

*Kwa Mwana wa Mvita, Mombasa:* Hapana, huwezi kulivusha gari kuukuu la Dar ukalisajili kwenu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwetu linaruhusiwa, ila TRA inatoza ushuru wa uchakavu. Ninyi mmefungiwa mlango, sisi tumewekewa kiingilio.

*Kwa Taa Inawaka, Dodoma:* Muuzaji amekwambia taa ya injini ni "sensa tu". Vizuri. Mwombe aibadilishe yeye kabla hujalipa, maana ni tu.

*Kwa Mpenda Mdundo, Mwanza:* Spika za milioni moja haziponyi boljointi. Zinakuzuia kuisikia mpaka tairi lilale.

*Kwa Kirikuu Kimoja, Mbeya:* Ndiyo, kitakupeleka kazini na kitabeba viazi. Usikipe kazi zote mbili siku moja mlima Nyoka.

*Kwa Mkwe Mtarajiwa, Tanga:* Unataka kununua Mark II kwa ajili ya siku ya posa. Posa ni Jumamosi moja, gari ni kila Jumatatu. Kodi Noah, jazeni wazee, na hela iliyobaki ongeza kwenye mahari.