Mkosi Ndio Mshenga

Riwaya ya kurudiana iliyowekwa katika kisiwa cha Karibi ina kanuni zake, na aliyesoma tatu au nne anazijua kama njia ya sokoni. Mwanamke anarudi kisiwani baada ya miaka kumi New York au Toronto. Bibi yake amefariki na kumwachia nyumba ya mbao inayotazama bahari, naye amekuja kuiuza upesi aondoke zake. Mtu wa kwanza kukutana naye ni yule yule aliyemwacha gatini, ambaye sasa amekuwa seremala. (Mwanamume aliyevunjwa moyo Karibi hugeuka seremala au nahodha, karani wa bima naye ana moyo, lakini hafanyi kazi kifua wazi.) Hawasemezani. Kisha paa linavuja, seremala anaitwa, na kufikia ukurasa wa mia tatu wako kanisani. Wachambuzi hulicheka sana paa hilo. Mimi nadai kwamba paa ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote kitabuni. Barua za zamani, machozi, ua la haibiskasi sikioni, yote hayo ni mapambo. Walioachana hawarudishwi na mapenzi. Mapenzi walikuwa nayo hata siku waliyoachana, na hayakuwafaa kitu. Hurudishwa na mkosi mdogo, ule wa kuchekesha, unaowakuta wote wawili bila kujiandaa.

Wa kwanza kupinga ni wale wanaosema huu ni uvivu wa mwandishi: itakuwaje watu wawili wakutane kwa bahati mara saba kwa wiki moja? Anayeuliza hivyo amezoea miji mikubwa, ambako mtu akikuudhi unahama mtaa na simu yake hupokei. Kisiwa cha Saba, kilicho chini ya Uholanzi, kina kilomita za mraba 13 na wakazi 2,000 hivi. Uwanja wake wa ndege una njia ya kurukia ya mita 400 tu, kwa hiyo anayewasili kwa kile kindege cha pangaboi huwa ameshaonwa kabla hajafungua mkanda. Barabara kuu ni moja, na jina lake ni Barabara, basi. Mahali kama hapo kumkwepa zilipendwa wako ni kazi ya kudumu inayotaka ratiba na wapelelezi. Mbuzi wakilala katikati ya njia, gari lako na la yule usiyetaka kumwona yatasimama pua kwa pua, na mmoja wenu atalazimika kushuka. Hiyo ni hesabu, bahati haimo.

Lakini kukutana peke yake hakutoshi. Watu hununiana miaka ishirini wakiwa jirani ukuta kwa ukuta. Wapenzi wa zamani wakionana, kila mmoja huvaa heshima kama suti ya kuazima: inambana kwapani lakini haivui. Kazi ya mkosi ni kuwavua suti hiyo. Jane Austen, ambaye hakufika Karibi, aliielewa kazi hiyo kuliko wengi waliopeleka kalamu zao huko. Persuasion, iliyotoka mwishoni mwa 1817, ndiyo nyanya wa riwaya hizi zote, na Karibi imo ndani yake: Frederick Wentworth alipandishwa cheo kwa vita vya majini vya St Domingo mwaka 1806, akarudi Uingereza, akamchumbia Anne Elliot, na uchumba ukavunjwa kwa ushauri wa wakubwa, maana cheo alikuwa nacho lakini fedha hana. Baada ya miaka minane wanakutana tena na kuzungumza kama wateja wawili kwenye foleni ya posta. Kinacholegeza kamba ni mtoto wa dada yake Anne, wa miaka miwili. Anne amepiga magoti akimuuguza kaka wa mtoto huyo kwenye kochi. Mdogo mtu anamparamia mgongoni, anamning'inia, anakataa katakata kubanduka. Mara mzigo unaondoka. Wentworth amembandua mtoto bila kusema neno, na Anne anashindwa hata kushukuru. Kapteni mzima wa manowari, na aliyemfungulia ngome ni mtoto mtundu! Angekuja na shairi angeambiwa asante, karibu chai.

Hapo mpinzani mwenye akili ataniuliza: mbona mikosi hiyo hiyo ndiyo huvunja nyumba za watu? Kweli, na ushahidi uko Karibi kwenyewe. Katika Omeros, utenzi wa Derek Walcott wa Saint Lucia uliotoka 1990, miaka miwili kabla hajapewa Tuzo ya Nobel, wavuvi Achille na Hector wanatoleana panga kisa kopo lenye kutu la kukumbia maji ya mtumbwi, kile chombo ambacho mabaharia wa pwani yetu hukiita upo. Bila shaka shida haikuwa upo, shida ilikuwa Helen. Helen anamhama Achille kwenda kwa Hector. Hector anaacha uvuvi, anaendesha gari la abiria kwa mwendo wa wazimu, anafia barabarani. Helen, mja mzito, anarudi kwa Achille. Hapo naona mshenga alizidisha bidii. Gabriel García Márquez naye, katika riwaya yake ya 1985 kuhusu mji wa pwani ya Karibi, alimwangusha daktari mzee kutoka kwenye ngazi akimfuata kasuku mwembeni, ndipo mpenzi wa ujanani wa mjane, aliyesubiri miaka 51, miezi 9 na siku 4, akapata mwanya. Akatangaza penzi usiku ule ule wa msiba, akafukuzwa, na alistahili. Tofauti naiona hivi: mkosi wenye mwenyewe, kama kopo la fulani lililochukuliwa na fulani, huzaa kesi. Mkosi usio na mwenyewe, kama mvua, mbuzi au mtoto wa dada, humfanya kila mmoja atafute pa kushika, na mkono ulio karibu ni ule anaoufahamu. Ndiyo maana paa la riwaya huvuja kwa mvua, kamwe si kwa kosa la seremala.

Msomaji wa Kiswahili ana pingamizi lake tayari mdomoni: maji yakimwagika hayazoleki. Mtaani ni kali zaidi, kurudiana ni kula matapishi. Methali naiheshimu, lakini ilitungwa na watu wenye visima. Katika kisiwa cha Saba na Visiwa vya Virgin vya Marekani, mvua hutoka paani kupitia mifereji hadi kwenye tangi lililojengwa chini ya nyumba, na maji yaliyomwagika jana ndiyo chai ya leo. Kuhusu matapishi, natoa udhuru. Pingamizi zito ni jingine: wengi visiwani humo waliachana kwa nauli kuliko kwa kiburi. Kabla na baada ya meli ya wahamiaji ya Empire Windrush kufika Tilbury, Uingereza, Juni 1948, watu wamekuwa wakiondoka kufuata kazi, na waliobaki wakipokea pipa. Pipa hilo ni pipa hasa: linajazwa ughaibuni mchele, sabuni, mafuta ya kupikia na viatu, ili lifike kabla ya Krismasi. Viatu vimenunuliwa kwa kukumbuka mguu wa miaka mitatu nyuma, navyo havipiti hata kidole gumba. Hapo nakubali, mkosi hautoshi. Paa linaweza kuwakutanisha wawili, haliwezi kumlipa mtu mshahara. Kwa hiyo mwandishi humrithisha mwanamke nyumba mapema, ukurasa wa kwanza. Uongo wa riwaya uko kwenye urithi huo.

Kwa mikosi yenyewe, malalamiko yangu ni kwamba ni michache mno, tena imeoshwa na kupakwa manukato. Tangu 2011 mwani wa sargaso umekuwa ukimwagwa na bahari kwa malundo kwenye fukwe za Karibi, na ukioza hunuka mayai viza. Wapenzi wanaopatana huku wameziba pua ningewaamini kuliko wanaopatana machweo. Kisha kuna mti wa manchinili, unaoota kando ya fukwe zile zile za kwenye majalada, wenye kivuli kizuri na tunda kama tufaha dogo la kijani. Utomvu wake hubabua ngozi, na mvua ikinyesha, matone yanayopita kwenye majani yake hubabua vilevile. Wenyeji wanaujua, na sehemu nyingi shina lake hupigwa rangi nyekundu kama onyo. Sasa, waandishi wa riwaya hizi wana mazoea ya kuwakimbiza wapenzi chini ya mti wa ufukweni pindi mvua inapoanza, wakakumbatiane. Ombi langu kwao ni moja: tazameni shina kwanza. Likiwa na rangi nyekundu, waacheni walowane.